Grisi ya Siku za Eda

Enzi zetu pale Lubumbashi, gari lilikuwa mtu wa nyumbani. Lilikuwa na siku yake ya kuoga na siku yake ya kula, na chakula chake kilikuwa grisi. Vijana wa leo, wanaojua kuunganisha simu na spika za gari kabla hawajajua jeki inakaa wapi, watacheka. Wacheke tu. Sisi tulikula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga kwa sababu pikapu ya Baba ilikula kwanza.

Baba alikuwa akileta vitunguu na mboga sokoni kutoka mashamba ya Kasungami. Njia ya kule ilikuwa mashimo na vumbi jekundu, kwa hiyo kila Jumapili aliingia uvunguni mwa gari na pampu ya grisi, akalisha viungo vya usukani na vya springi kimoja kimoja. Kila kiungo kina kichuchu kidogo cha chuma: unakifuta, unabana pampu juu yake, unasukuma mpaka grisi nyeusi ya zamani itoke na mpya ianze kuchungulia. Mimi na dada yangu Mwayuma, wembamba wakati ule, tuliingia naye. Ole wako usahau kufuta! Baba angefoka: "Panguza kwanza! Unataka kuikulisha muchanga?" Mpaka leo nafuta hata mdomo wa chupa ya maji kabla ya kunywa.

Kisha Baba akafariki ghafla, na Mama akakaa eda. Sisi Waislamu wenye asili ya Maniema tunajua maana yake: mjane hatoki, hajipambi, anangoja siku zake ziishe. Pikapu nayo ikasimama uani, inakusanya majani.

Mama hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo Baba Mdogo, ndugu wa Baba, alikuwa na fungu lake katika mirathi. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuja, akapiga gurudumu teke, akasema mbele ya wazee: "Shemeji, motokari yenye kusimama inakufwaka. Eda ikiisha, nitakuja. Kama iko inatembea muzuri sawa wakati ya yaya, mukubwa wangu, mubaki nayo, mufanye nayo kazi. Kama imeharibika, nitaiuzisha kabla ikuwe chuma ya bure." Alipoondoka tulilia. Bila ile pikapu, Kasungami ingekuwa mbali kama Ulaya. Kuendesha, Mama alijua. Baba alimfundisha kwenye njia za mashambani. Lakini mjini hakuna aliyewahi kumwona ameshika usukani.

Jumapili iliyofuata Mama alitandika gunia uvunguni, akalala chali. Jirani aliyetuletea uji nusura auangushe. "Mama Mwayuma, weye uko mu eda!" Mama alimjibu bila hata kutoa kichwa: "Eda inanikataza kutoka ku njia. Ku chini ya motokari haikunikataza."

Ilikuwa Juni, baridi ile yetu inayong'ata masikio, na grisi iligoma kutoka kwenye pampu. Tukaliweka kopo la grisi karibu na mbabula, jiko letu la makaa, tukaota moto pamoja nalo. Mwayuma alisukuma pampu, mimi nikafuta, Mama akapapasa kila kiungo kwa vidole. Kisha tulinyanyua upande wa mbele kwa jeki, tukazungusha usukani kushoto na kulia ili grisi ienee. Mikono tuliisugua kwa majivu na sabuni ya unga, na bado mwalimu wa madrasa alituuliza kama tumeajiriwa gereji.

Kiungo kimoja cha kushoto kilikataa katakata. Grisi ilimwagika pembeni, ndani haikuingia, na usukani ulikuwa mzito hata Mama akauvuta kwa mikono miwili huku meno ameyauma. Eda ilikuwa inaelekea kuisha, nasi tuliogopa hata kulitaja jina la Baba Mdogo. Mama akakifungua kile kichuchu, akakiloweka katika mafuta ya taa, akakidunga kwa sindano yake ya kushonea. Likatoka donge la udongo mwekundu. Akakirudisha mahali pake, Mwayuma akasukuma, grisi nyeusi ikatoka, halafu ile mpya. Tulipiga vigelegele mpaka Mama akatuziba midomo: hii ni nyumba ya msiba, watoto nyie!

Eda ilipoisha, Baba Mdogo alikuja kama alivyoahidi. Aliendesha hadi mwisho wa barabara yetu, akageuza, akarudi akizungusha usukani kwa kiganja kimoja. Tulisimama langoni, nimeushika mkono wa Mwayuma hadi akalalamika. Baba Mdogo akashuka, akazunguka mbele ya gari, akapanda upande wa abiria, usukani akamwachia Mama.

"Shemeji," akasema, "bitunguu biko binaoza ku Kasungami. Twende."

Siku hizi magari mengi mapya viungo vyake vimefungwa kiwandani, havina pa kulishia. Binti yangu ana gari la namna hiyo, na juzi alitupakia, mimi na Mama, ambaye sasa amezeeka. Mama akauliza grisi inaingilia wapi. Binti yangu akamjibu bibi yake: "Nkambo, haina. Ikiharibika tunabadilisha." Moyo ukanisinyaa kidogo. Sisi hatukuwa na cha kubadilisha, ndiyo maana tulijifunza kutunza. Lakini binti yangu, niliyedhani akili yake yote iko kwenye muziki, akaupunguza na kuuliza: "Nkambo, ile siku ulitoka kwanza na motokari mu mujini, bantu bote banakuangalia, uliogopa?"

"Niliogopa sana," Mama akasema, akicheka. "Lakini usukani, ku mikono ilikuwa mwepesi."