Nilivyokataa Mbuzi wa Posa kwa Sababu ya Mbwa

Ukifika soko la Tulia leo uulize kwetu ni wapi, hawatakutajia jina la baba yangu wala kanisa lililo karibu nasi; watakuambia, "Ah, kwa yule msichana aliyekataa mbuzi," halafu watacheka mpaka wasahau kukuonyesha njia. Msichana huyo ni mimi, na sikukataa mbuzi yeyote, lakini ni nani atanisikiliza sasa?

Chanzo ni mbwa. Nafanya kazi Kibwezi na naishi na Bosi, mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala. Mutua, mchumba wangu, aliponiambia wazee wake wako tayari kuleta mbuzi wa ntheo kwetu (huku Ukambani mbuzi hao wasipochinjwa hujaolewa, hata uwe na watoto sita), kila mtu aliniuliza nitavaa nini, na mimi nilikuwa nikijiuliza Bosi atalala wapi. "Si umwache tu nje, ni mbwa," jirani akasema. Ni mbwa! Basi nikazunguka kutafuta mahali pa kumwacha: pa kwanza palinuka, pa pili mbwa walifungwa minyororo, na pa tatu palikuwa safi mno hata nikashuku wanaficha kitu. Mwishowe nikampata Mama Mwende wa Kiboko, anayewatunza mbwa wa watu wakisafiri. Kwake kulikuwa na kivuli, maji safi na uwanja wa kukimbia, na bado nilimhoji kuhusu chanjo, viroboto, daktari, na nani hubaki na mbwa yeye akienda kanisani, mpaka akashika kiuno.

"Msichana wangu, huyu ni mbwa ama ni gavana?"

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nilificha simu yangu ya zamani ndani ya blanketi la Bosi, nikaiweka ijipokee yenyewe nikipiga, ili nisikie anavyotendewa nikiwa mbali.

Siku ya ntheo ikafika, hema likajaa, wageni wakaketi upande mmoja na sisi upande wa pili. Chini ya kilemba changu nilikuwa nimetia sikioni kisikizi kidogo kisicho na waya. (Nilijiambia nitasikiliza mara moja tu.) Baba mkubwa Kioko, msemaji wetu, akianza kusalimu hupitia ukoo mzima, walio hai na waliokufa, kwa hiyo nikaona nina nafasi, nikapiga. Nikasikia redio, jogoo, kisha Mama Mwende: "Bosi! Kuja, leo kuna kuku. Chukua hii mifupa."

Mifupa ya kuku! Bosi aliwahi kukwamwa na mfupa wa kuku, karibu nimzike. Na ni dakika hiyohiyo baba mkubwa alipomaliza marehemu wake, akanigeukia kwa sauti ya kuhubiri. "Mwiitu wakwa, binti yangu, hawa wageni unawajua? Tuchinje mbuzi zao, ama tuwarudishie?"

"Hapana!" nikapiga kelele. "Usithubutu! Toa hiyo kitu!"

Mama yangu akashika kichwa. Msemaji wa kina Mutua, mzee mwenye kofia ya manyoya, akasema taratibu, "Tumesikia," akainuka na kuanza kufungua kamba za mbuzi pale mtini. Mutua alinitazama kama mtu aliyenyeshewa akiwa na suti mpya mwilini.

Nikaona nieleze upesi. "Si nyinyi! Ni mbwa!"

"Aa! Sasa tumekuwa mbwa?" shangazi yake akaruka.

Baba yangu akaninyang'anya simu mapajani, akaibonyeza, na sauti ya Mama Mwende ikajaa hema zima. "Ni nani anaongea kwa blanketi? Mwende, kuja uone! Yule msichana ameficha simu kwa mbwa! Si nilikuambia? Ameniuliza chanjo, ameniuliza viroboto, mpaka nikadhani ni mimi namwoa. Huyo kijana wake, Mungu amsaidie."

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee wa kofia. "Mutua," akasema, kamba bado mkononi, "wewe hata viroboto hujaulizwa."

Hema likaanguka kwa kicheko, lakini kamba hakuirudisha mtini. "Hatufungi mpaka aseme mwenyewe," akasema, "na masikio yawe matupu."

Nikavua kilemba mbele ya wote, nikatoa kisikizi, na nywele sikuwa nimesuka, kwa sababu wiki ya kusuka niliimaliza nikikagua vibanda vya mbwa. "Chinjeni," nikasema.

"Hatujasikia!" shangazi akapaza sauti, akifurahia kila dakika.

"Chinjeni!"

Wakachinja. Bosi naye aliila ile mifupa yote asipatwe na lolote, na nilipoenda kumchukua alijificha nyuma ya Mama Mwende, ambaye alinikabidhi simu yangu kwa vidole viwili. "Siku nyingine ukitaka kujua, nipigie mimi. Hata mimi niko na simu."

Nimeapa: nikimwamini mtu kumwachia mbwa, nitamwamini mpaka mwisho, na mbele ya wazee masikio yangu yatabaki matupu. Mutua hajanigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi kabisa, maana kila nikimwambia hapana, hata kama ni kuhusu chumvi, huinua macho polepole na kuuliza, "Mimi, ama Bosi?"