Kontroli C na Katibu wa Kwaya

Nilikuwa na chumba cha kupigia chapa pale Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, katikati ya fundi wa tairi na mama wa chapati. Watu hudhani mtu anayekaa barabarani hawezi kuwa mpweke. Wapi! Malori yalipita kutwa nzima, na hakuna dereva aliyejua jina langu. Jioni nilifunga mlango, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikala nikiangalia ukuta.

Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi alikuja katibu wa kwaya ya kanisa letu na nyimbo mpya za Kikamba, ili nizipige kwenye stensili, wanakwaya wapate nakala. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, sijui alifundishwa na nani, kwa hivyo ilibidi akae kando yangu anisomee. Mimi napiga taipureta yangu kuukuu, yeye anasoma ubeti. Akifika kwenye kiitikio hawezi kusoma tu, anaimba. Na kiitikio hurudi baada ya kila ubeti! Nikawa najifanya nimesahau maneno.

"Hebu imba tena, dada."

"Ndugu, wewe una akili ya kuku," ananijibu akicheka, halafu anaimba.

Dada! Kanisani kwetu wote ni ndugu na dada, na hilo neno lilinifunga mdomo kabisa. Nilitaka kumwoa huyo msichana. Kila Jumamosi nilijiambia nitasema tukimaliza huu ukurasa, na ukurasa ukiisha nilimuuliza kama mvua imenyesha kwao.

Mambo yaliharibika niliponunua kompyuta, nayo kuukuu, kutoka Nairobi. Vumbi la malori liliingia kwenye kipanya chake mpaka ile goroli ya ndani ikakataa kuzunguka. Nikaisafisha, nikaigonga mezani, nikaitukana, wapi. Basi nikajifundisha kufanya kazi kwa vitufe peke yake. Unashika Shifti na mshale, maneno yanapakwa weusi. Kontroli na C, yamenakiliwa. Kontroli na V, yameshuka pale unapotaka. Ukikosea, Kontroli na Z, kosa limeondoka. Jioni zangu zikapata kazi. Badala ya kuangalia ukuta nilifanya mazoezi, mpaka vidole vikajua njia bila macho. Na sikuwa nikijifunza kwa sababu ya kipanya tu. Nilitaka yule msichana anione.

Akaniona! Jumamosi ya kwanza alisoma ubeti, akaimba kiitikio, akasoma ubeti wa pili, na alipofungua mdomo aimbe tena nikamwambia, "Usijisumbue, tazama." Kontroli V. Viitikio vyote vikakaa mahali pake, kimoja baada ya kingine.

"Ngai!" akasema, akapiga makofi. "Wacha we! Ndugu, umekuwa mchawi."

Nilijiona mtu mkubwa sana. Nikabonyeza Kontroli na P, karatasi ikatoka, naye akaikunja, akaaga, akaenda zake. Chai niliyokuwa nimetuagizia kwa mama wa chapati ilikuwa bado haijaletwa.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Jumamosi zilizofuata nilizidi kukimbia, nikitafuta tena yale makofi. Mwandiko wake nao nilikuwa nimeuzoea, kwa hivyo akaanza kuniachia karatasi mlangoni na kupita kuzichukua baadaye akitoka sokoni. Kazi ilikuwa safi, haina kosa hata moja. Chumba kilikuwa kimya. Niliumia, jamani, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Siku moja akaja akaingia ndani, amevaa vizuri, ameshika karatasi moja tu. Yalikuwa maneno ya kadi ya harusi. Harusi yake yeye, na mwalimu mmoja wa Nunguni ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

"Fanya ile haraka yako, ndugu," akasema. "Bado nina safari."

Nikakaa. Nilimpongeza, nadhani nilimpongeza. Vidole vilitaka kukimbia, nikavikataza. Nilipiga herufi moja, nikangoja, nikapiga nyingine. Kwenye ukurasa zilitakiwa kadi kadhaa zinazofanana, kazi ya Kontroli C kabisa, ya kupepesa macho tu. Sikuigusa Kontroli. Nilizipiga zote neno kwa neno, jina lake na la yule mwalimu, kanisa, siku, tena na tena kutoka mwanzo. Kwa sababu alikuwa amekaa karibu yangu, na nilijua kadi zikiisha ataondoka.

"Leo mashine ni mgonjwa?" akauliza.

"Ni mgonjwa."

Hakukasirika. Alivuta kiti akakisogeza, akaanza kunisomea, ingawa maneno yote nilikuwa nayo mbele ya macho. Mama wa chapati alileta chai, tukainywa. Tulipofika kadi ya mwisho alisema polepole, akiangalia skrini, si mimi:

"Unajua, nilikuwa napenda sana kukaa hapa. Ulipojifunza hiyo haraka yako, nikajua umechoka na mimi."