Ng'ombe wa Mshindi wa Mbio

Farasi hatukuwa nao Kasulu; mbung'o wangewamaliza. Tulikuwa na punda sita kutoka Tabora, na mume wangu, Abbasi mwenye duka, akawaundia klabu ya mbio na kujiita mwenyekiti. Kila mwaka mvua za kwanza zikianguka, watu wa Heru Juu na Muyama walikuja kutazama. Mwanamume akichoka kuuza khanga hutafuta cheo.

Punda walitunzwa na Ndihokubwayo, Mrundi aliyekimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili. Abbasi ndiye aliyekuwa mdhamini wake, na bila barua ya mdhamini mkimbizi haruhusiwi kutoka wilayani. Mkewe, Esteri, alikuwa Kibondo, wilaya ya jirani, kwa kaka zake, na mtoto asiyemjua baba. Mara tatu Ndiho aliomba barua, mara tatu akaambiwa kesho. Kesho ya mume wangu naijua mimi, niliyeahidiwa cherehani tangu uhuru.

Mwaka sabini na tano Esteri akatuma neno: kaka zake wamechoka kumlisha, na msimu wa kupanda ukipita kabla mume hajafika, watamwoza kwingine. Nilimkalia Abbasi kooni mpaka akakubali. Ndiho akishinda mbio, barua atapewa siku hiyohiyo.

Husemwa punda haendi bila kiboko. Ndiho hakushika hata ufito. Alimnong'oneza mnyama wake Kirundi, basi, wenzake wakabaki kula vumbi. Nilipiga vigelegele nikalia, wala sioni haya kusema.

Abbasi akasimama mbele ya watu wote. Mkononi hakuwa na barua, alikuwa na kamba, na kwenye kamba mtamba mwekundu, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Watu wakashangilia ukarimu wake.

Mimi sikushangilia. Kwa Waha na Warundi, anayekupa ng'ombe hadharani amekufanya mtu wake. Utamlimia, utamtumikia, na huondoki mpaka akuachie au ng'ombe huyo afe. Kumkataa ng'ombe ni kumtemea mwenyewe mate usoni. Abbasi mama yake Muha. Alijua vizuri sana anachofanya. Mpanda punda kama yule angempata wapi tena?

“Huyu ni wako,” alimwambia. “Sasa wewe ni wa nyumbani. Kibondo utafuata nini?”

Ndiho akikataa, amekosa mdhamini. Akipokea, amekosa barua. Watu walipoanza kunong'ona, akapiga makofi ya shukrani, polepole, kama mila inavyotaka, akaipokea kamba.

Nilimfuata zizini. Nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya mume wangu. Alikuwa akimfunga yule mtamba, hakugeuka.

“Mama,” akaniuliza, “ng'ombe huishi miaka mingapi?”

Ningeweza kumdanganya. Lakini ng'ombe akizaa, na ndama naye ni deni, hilo alilijua kuliko mimi.

“Mwanangu,” nikamwambia, “huyo ana mimba.”