Beji ya Nyawira

Dada yangu Nyawira hufunga kufuli mara tatu. Anafunga, anavuta, anatembea hatua kumi, anarudi kuvuta tena. Tulipokuwa watoto alikuwa akirudi jikoni kuhakikisha koili imezimwa hata siku ambazo stima imepotea mtaa mzima. Sasa mtu kama huyo ndiye aliyechagua kusomea kazi ya kupiga watu eksirei.

Mimi ni Lydiah, namzidi miaka minane, na nina saluni Kariobangi karibu na soko. Mdomo wangu nauogopa mwenyewe. Wateja wangu waliposikia Nyawira anasomea nini, mmoja aliyekuwa akisukwa alisema watu wa mionzi huwa hawazai, na mwingine akaongeza kwamba akina dada wa hiyo kazi wakizaa, ni shida tupu. Badala ya kuwanyamazisha, nilibeba maneno hayo hadi nyumbani yakiwa bado moto. Nilimwambia dada yangu mezani, mbele ya Mum, kwamba atakuja kuzaa watoto wanaowaka kama taa za barabarani. Tulicheka. Yeye alicheka kidogo, kisha akaacha kula.

Chuoni walikuwa wamempa beji, kidude cheusi kisichozidi kiberiti, ambacho kila anayefanya kazi kwenye mionzi hukivaa kifuani. Hakiwaki, hakilii, hakikuambii lolote. Kinakusanya kimyakimya, na kila baada ya miezi mitatu kinapelekwa kwingine kusomwa, ndipo unaambiwa mwili wako umepata kiasi gani. Wenzake walikivaa na kukisahau. Nyawira alikuwa akikigusa kila saa. Aliniuliza mara nyingi, atajuaje kama kweli kinapima? Na kama kimekufa?

Mwaka wa tatu walimpeleka hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, chini ya mtu anayeitwa Thuo, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Nyawira alimsifu mpaka tukachoka. Thuo hajawahi kupiga picha kabla ya kuangalia mlango. Thuo akiletewa mtoto anayerukaruka, humwita baba wa mtoto amshikilie, humvalisha baba huyo aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, na mwanafunzi anabaki nyuma ya ukuta. Hakuna siku alimruhusu mwanafunzi kushikilia mgonjwa.

Mchana mmoja wa mwezi wa tatu, Thuo alipokwenda kula, dada yangu alibaki chumbani peke yake. Akavua ile beji, akailaza juu ya meza ya wagonjwa, akaielekezea mashine, akaenda nyuma ya ukuta na kubonyeza. Alitaka tu kujua kama inafanya kazi. Alibonyeza mara moja. Kisha, kwa kuwa ni Nyawira, akabonyeza tena, na tena. Akaivaa, akaendelea na kazi.

Majibu yalikuja mwishoni mwa mwezi wa tano. Beji ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Hesabu yake ilipita ya wafanyakazi wote wa idara wakiwekwa pamoja. Hospitalini watu wakashtuka: ama mashine ya chumba namba mbili inavuja, ama Thuo amekuwa akimtumia mwanafunzi kushikilia wagonjwa. Chumba kikafungwa. Thuo akaambiwa akae nyumbani hadi kikao kifanyike. Nyawira akatolewa damu, akakatazwa kukanyaga idara, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tano.

Haya yote sisi nyumbani hatukuyajua. Nilichoona ni kwamba anaosha sufuria moja nusu saa.

Aliniambia Jumapili moja baada ya kanisa, juu ya paa la fleti, tukichunga nguo zilizoanikwa. Kwetu ukianika ukashuka, unarudi kukuta kamba.

"Liddy, kuna kitu nimefanya."

"Uko na mimba?"

"Afadhali ingekuwa hiyo."

Akanieleza yote akitazama shuka. Alipomaliza alisema kikao ni Jumatano, na chuo kinataka mzazi au mlezi aje. Mum asijue, shinikizo lake la damu lisipande.

Nitasema nilichomwambia, ingawa sikipendi. Nilimwambia anyamaze. "Hakuna aliyekuona. Huyo Thuo ni mtu wa serikali, watamhamisha tu mahali na maisha yaendelee. Wewe ukisema, miaka mitatu ya Mum kuuza mitumba kwenye jua inaenda hivyo tu?"

"Alinifundisha kila kitu, Liddy."

"Basi na akufundishe na hili."

Aligeuza shuka upande uliokuwa bado na maji. Akasema Ijumaa alipita pale hospitalini kuchukua barua ya kikao, akamkuta mama mzee aliyevunjika mkono akielekezwa hospitali nyingine kwa sababu chumba kimefungwa. Mama huyo alikuwa ameubeba mkono uliovunjika kwa ule mzima, akiuliza watu njia. "Na Thuo hashiki simu," akasema. "Nimepiga mara nyingi. Sijui hata ningemwambia nini."

Siku tatu hizo hakula kitu cha maana. Mimi mwenyewe nilimchoma mteja sikio na pasi ya nywele. Nilikuwa na hofu, na mbaya zaidi, sikujua ninaogopa aseme au asiseme.

Jumatano tuliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu. Alikuwepo Madam Matheka, mkuu wa idara yao chuoni, na bwana mmoja mkaguzi wa usalama wa mionzi, mwenye faili. Thuo aliketi upande wa dirisha. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini kola ilikuwa imemlegea shingoni, kama ya mtu aliyekonda ghafla. Hakumtazama Nyawira.

Madam Matheka aliongea naye kwa upole, na upole huo ulinitia jasho. "Nyawira, usiogope mtu hapa. Kuna wakati wowote Bwana Thuo alikuambia ushikilie mgonjwa wakati wa picha?"

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, ndiyo, na mtihani ungekuwa wake, na watu wangemwonea huruma. Nilimwona akipeleka mkono kifuani, mahali ambapo beji hukaa, akakuta hakuna kitu.

"Hapana, madam. Hakuwahi hata siku moja. Ni mimi niliiweka beji mezani nikaipiga eksirei. Nilitaka kuona kama inapima."

Mkaguzi aliinua kichwa. Alimuuliza tarehe, saa, alibonyeza mara ngapi. Akafungua faili, akapitisha kidole kwenye orodha ya kumbukumbu za mashine, na kidole kikasimama. Picha tatu, saa saba na dakika ishirini, hazina jina la mgonjwa. Alikuwa ameziona wiki iliyopita akadhani ni majaribio ya fundi. Basi mashine haivuji, akasema; chumba kifunguliwe na Thuo arudi kazini.

Madam Matheka aliandika kitu, akakipigia mstari. Kisha akasema mtihani wa mwezi wa saba hataufanya. Kuwasha mashine bila msimamizi ni kosa kubwa. Atarudia mafunzo ya vitendo yote, afanye mtihani mwezi wa kumi na moja, tena ikiwa atapatikana mtu wa kukubali kumsimamia. Akamgeukia Thuo. "Uamuzi ni wako. Baada ya haya, hakuna atakayekulaumu ukikataa."

Nilitaka sakafu ipasuke. Kwa mara ya kwanza Thuo alimtazama dada yangu.

"Hiyo siku, wewe mwenyewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya ukuta, sir."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu."

"Na mlango?"

"Niliufunga. Halafu nikarudi kuuvuta."

Thuo alivua miwani akajifuta uso kwa kiganja, polepole, kuanzia paji hadi kidevuni. Alipoongea sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

"Wiki mbili nimekuwa nikikumbuka wagonjwa wote tuliowapiga picha pamoja, mmoja baada ya mwingine. Natafuta ni wapi nilimuunguza mtoto wa wenyewe."

Nyawira alianza kulia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa muda mrefu. Mtu niliyesema wamhamishe tu mahali alikuwa amekonda kwa ajili ya dada yangu, na mimi niliyemtia dada yangu hofu ya mionzi kwa mdomo wangu, nilikuwa nimehangaikia nini?

"Aje Jumatatu," Thuo alimwambia Madam Matheka. "Saa mbili."