Kuku Waliokula Udongo wa Ghala

Mtaani Nyalenda, ukiulizia mayai ya kienyeji ulielekezwa kwa Jacinta Akoth hata na mtu asiyekula mayai. Kiini cha mayai yake kilikuwa cha manjano iliyokolea, na mwenyewe aliyatangaza kwa sauti ya mtu aliyeimba kwaya miaka mingi. Kuku wake aliwapa majina ya waimbaji wenzake, kwa hiyo kila siku ya kuchinja ilileta maneno kanisani.

Hakuwafungia. Asubuhi walitoka mbio hadi kwenye ghala bovu nyuma ya nyumba, ambako zamani kulihifadhiwa dawa ya kunyunyizia pamba. Ghala lilibomoka kabla Jacinta hajaolewa hapo. Udongo wake ulikuwa laini, na kuku waliuparua na kuoga humo kutwa.

Mwaka jana alifika Debra, mtafiti wa chuo, msichana mpole, akaomba mayai ya kwenda kupima.

"Yangu hupimwa kwa ulimi," Jacinta akamwambia akicheka, akampa.

Debra aliporudi baada ya wiki kadhaa, aliketi ukingoni mwa kiti.

"Mama, ile dawa ya zamani bado iko ardhini. Ni aina isiyoisha haraka. Kuku wanaimeza na udongo, inakaa kwa mafuta yao, halafu inaingia kwa yai."

"Lakini hilo ghala lilifungwa nikiwa mtoto!"

"Miaka yote hiyo si kitu kwake, Mama."

"Na sisi tuliokula?"

"Yai moja haliui. Ubaya ni kula kila siku, mwaka baada ya mwaka. Wacheni sasa."

Opondo, mume wa Jacinta, fundi wa baiskeli, alikuwa amesimama mlangoni akiwa ameshika tumbo. "Yawa! Hata nikichemsha?"

"Hata ukichemsha, Baba."

Siku iliyofuata Gordon, mwenye hoteli, alikuja kutafuta kuku wa harusi. Jacinta alimweleza yote. Gordon akatazama huku na huku. "Niuzie tu wote. Nani atajua?"

"Wewe mwenyewe utakula?"

Gordon akakagua viatu vyake. "Mimi sipendi kuku."

Jacinta alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akamfungulia lango atoke.

Alizunguka kwa wateja wake nyumba kwa nyumba. Aliyemtia hofu zaidi ni Habiba, aliyekaanga chapati za mayai kando ya barabara. Alimkuta amezungukwa na watu wanaokula. Akapenya katikati yao.

"Habiba, usitumie mayai yangu tena. Yana sumu."

Watu wakaacha kutafuna. Habiba akatua karai. "Umekuja kuniambia hivyo mbele ya wateja?"

"Si hao ndio walaji?"

Habiba akawageukia watu. "Mmesikia. Kuanzia kesho ni chapati na maharagwe. Na mayai ya leo yametoka soko la Sondu, si ya Jacinta, kuleni."

Kutafuna kukaanza tena.

Maafisa wa mifugo walipokuja kuwachukua kuku, Jacinta aliwaita mmoja mmoja kwa jina, akalia. Opondo naye alifuta macho, ingawa kuku hao walikuwa wakimchafulia viti vya baiskeli kila siku. Ghala lilizungushiwa waya, na kibao chenye mchoro wa fuvu kikatundikwa. Gari la kuhamisha udongo liliahidiwa, na bado linangojwa.

Opondo hakungoja. Upande wa pili wa kiwanja, alijenga banda lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao, kuta za waya. Jacinta alinunua vifaranga wapya, akawalisha mahindi, dagaa wa omena na majani ya sukuma wiki. Walipoanza kutaga, hakuuza hata yai moja hadi Debra alipopima na kumpigia simu. Majirani walijua jibu kabla hajakata simu, maana alikuwa tayari ameanza wimbo wa shukrani.

Jioni hiyo Habiba alikuja mwenyewe na beseni.

"Nasikia yamekuwa mazuri."

"Debra amesema."

"Debra simjui. Wewe umesema?"

"Nimesema."

"Basi nijazie."