Wawili Kwenye Namba Saba

Haya ni bora niyaseme mwenyewe.

Miaka ile ukimwi ulipokuwa ukitumalizia wazazi, ofisi yetu ya Bukoba iliandikisha mayatima wa Muleba. Muuguzi alikuwa akisubiri orodha aipeleke kisiwa cha Goziba kwa boti ya saa nane. Mtoto asiyeandikwa angekosa nafasi ya shule. Lakini kila nilipoichapa kwenye printa, yalitoka majina kumi, kisha kompyuta ikaganda.

Nilimgeukia Ma Koku, karani wetu, aliyerudi asubuhi hiyo kutoka kumzika mdogo wake huko Ijuganyondo.

“Umegusa nini, Ma?”

“Nimegusa udongo, mwanangu. Mashine yako sijaigusa.”

Nikaingia kwenye kiini cha mfumo, nikakagua programu za kuendesha vifaa moja baada ya nyingine, huku nikimhubiria muuguzi kama profesa. Mwishowe skrini ikaonyesha vifaa viwili vikigombea namba saba, namba ambayo kifaa hutumia kukiita kiini kikihudumie: printa na kadi ya sauti.

Kadi hiyo niliipachika mimi kwa siri, nisikilize muziki mchana. Taarifa ya msiba ilipofika nilichomoa spika, maana kwenye msiba hatupigi muziki, nikaamini nimeondoa kila kitu. Kadi na programu yake zilibaki ndani.

Ma Koku alisoma skrini nyuma ya bega langu.

“Muziki huu ni wa nani?”

Muuguzi naye akaniangalia. Nilijibu kuwa ni wangu, nikitazama kibodi, huku nikiizima programu hiyo ili orodha itoke.

“Kusikiliza nisingekukataza,” Ma Koku alisema taratibu. “Ila mimi uliniuliza mbele ya mgeni.”