Mtu Aliyekaa Mbele ya Boti

Sikuwa nimekunywa. Naanzia hapo kwa sababu nawajua watu wetu wa Likasi: ukisimulia jambo kama hili, swali la kwanza ni chupa ngapi. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na mimi ni fundi umeme wa miaka mingi, si mtu wa kuona-ona vitu.

Mama Véro, mjane anayeishi Kapolowe, kando ya ziwa, aliniita nimfungie betri mbili na chaja ndani ya boti ya marehemu mumewe. Mume alizama ziwani miaka miwili nyuma, na mwili haukuonekana. Sasa mama alitaka kuvusha watu mwenyewe kwa mota ya umeme, maana watoto watatu hawali machozi. Akaniacha pale majini, akaenda kupika.

Betri zote mbili nilishaziweka nyuma, karibu na mota, ili waya uwe mfupi. Uvivu, nakiri. Hapo akaja baba mmoja mnene, akapanda bila hata bonjour, akakaa mbele kabisa. Sikukasirika, nilihitaji mtu akae hapo nione boti inavyolala. Nilikuwa nimechora chaki ubavuni, upande wa mbele, pale maji yalipofika. Nikainama kuangalia. Maji hayakupanda hata kidogo. Mtu wa kilo mia, jamani, na boti haikujua kama amepanda. Ungefanya nini wewe? Mimi nilishika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

Aliongea polepole, bila kunitazama.

"Betri moja ulete mbele. Nyuma kukiwa muzito, maji inaingia. Njo vile miye nilikufa." Akageukia kule mama alikoenda kupika. "Na usimwambie mama Véro kama nilikuya. Akijua, atabakia kuningojea."

Niliinamia chaki tena kuhakikisha. Nilipoinua kichwa, hakuwepo.

Nilihamisha betri moja mbele, nikarefusha waya, nikaweka fyuzi, nikafunga chaja juu, mbali na maji. Mama aliporudi na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, tukaijaribu boti, ikaenda sawa kabisa. Akauliza nani amenifundisha kupanga vile. Nilipaswa kusema ni akili yangu. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikasema yote, mpaka lile nililokatazwa. Hakulia. Aliuliza tu kama mumewe alionekana ana njaa.

Boti hiyo haijavusha mtu hata leo. Mama anaichaji kila asubuhi, anaingia, anakaa nyuma peke yake mpaka jioni, na watoto wanalelewa na dada yake kule Mulungwishi. Roho inaniuma. Kila Jumapili ananipigia simu kuuliza kama mumewe alisema neno lingine. Hakusema. Lakini mara mbili, Mungu anisamehe, nimeongeza langu, kwa sababu nasikia anavyopumua akingoja jibu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mfu akikuomba unyamaze, nyamaza. Anamjua mke wake kuliko wewe.